Mwaka wa Vigingi

Shangazi yangu Konsolata hajawahi kupiga simu akasema habari moja tu. Huanza na mbuzi, akaja kwenye mawese ya msimu huu yalivyo mepesi, akamlaani jirani wa juu anayechoma takataka upepo ukielekea kwetu, ndipo mwishoni, ukiwa umeshachoka, anakuambia kilichomfanya apige. Siku ile hakuzunguka. "Espe, mtu wa vigingi amefariki. Uje." Akakata. Nilikuwa jikoni kwangu Bujumbura nachambua mchele, na nilibaki na sinia mapajani nikilia na kucheka kwa pamoja, maana duniani hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Serikalini alikuwa injinia mstaafu wa maji. Mjini Rumonge alikuwa Mzee Melkiori, yule anayefundisha watoto bure nyuma ya wauza sabuni na kurekebisha bomba za shule, za zahanati, za msikiti na za kanisa bila kumwuliza mtu anasali wapi. Kwa shangazi, tangu ule mwaka mpaka anazikwa, alikuwa mtu wa vigingi, na hakuna aliyefaulu kumbadilisha.

Habari za ukoo wetu na jinsi tulivyokimbia nitawaachia wanaopenda kuzisimulia. Inatosha kusema kwamba nilipokuwa msichana mkubwa tayari, mimi na shangazi tulirudi kutoka kambini Tanzania, tukakuta kiwanja cha baba yake, pale kwenye mteremko juu ya Rumonge, kinakaliwa na Mzee Sadi, fundi cherehani, pamoja na mkewe na watoto wao. Hakuwa mwizi. Alipewa kiwanja zamani na wakubwa wa wakati ule, akapanda michikichi, akazaa, akazeekea hapo. Kamati ya ardhi ikaja, ikasikiliza huku, ikasikiliza kule, ikapitisha kamba katikati na kupigilia vigingi: nusu kwetu, nusu kwao. Tukajenga nyumba yetu ya vyumba viwili upande wa kaskazini. Katikati ukabaki mstari ambao hakuna aliyepanda kitu juu yake, hata boga. Majani yaliota pale yakafika kiunoni. Mzee Sadi alikuwa akitutazama kwa juu ya majani hayo, shangazi naye akimtazama, na salamu haikupita.

Nikifumba macho sasa, nyumba ile inanijia kwanza kwa harufu. Shangazi alikuwa akichemsha chikichi nyuma ya nyumba kwenye pipa lililokatwa, na mvuke wake uliingia mpaka kwenye nguo zangu za shule, hata wenzangu darasani wakaniita Mawese. Kazi ile hunywa maji kuliko ng'ombe. Chikichi zinataka maji, kuosha pipa kunataka maji, na sisi wenyewe tulitaka kunywa na kuoga. Maji yalikuwa chini, ziwani, ng'ambo ya barabara kubwa, na anayeyapandisha ni mimi, dumu moja kichwani na jingine mkononi. Kila kiangazi maji yale yalituletea ugonjwa wa tumbo. Mwaka wa nyuma shangazi mwenyewe alibebwa kwenye machela mpaka hospitali. Alirudi mzima, lakini miguu yake haikurudi kama ilivyokuwa. Basi nilikuwa naamka mapema, napanda na kushuka, na nikifika shule wenzangu wako kwenye mapumziko wanakula ndizi. Direkteri wa shule aliniita ofisini. Alisema kwa upole kabisa kwamba mwanafunzi anayefika saa ya ndizi hana nafasi kwake, na kwamba nikiendelea hivyo baada ya Pasaka ataufuta usajili wangu. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu wa hesabu na wanaochelewa wananijua, kwa hiyo siwezi kumsema vibaya. Lakini siku ile nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha shule nikalia sana. Nilijua shangazi hawezi kubeba maji, nilijua bila maji hakuna mawese, na bila mawese hatuli.

Kwa Mzee Melkiori nilifikishwa na Kifaransa. Kambini nilisoma kwa Kiswahili na Kiingereza, nikarudi nchini nikakuta hata pembetatu ina jina jingine. Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya wauza sabuni za mawese, na kila alasiri alifundisha hesabu kwa Kifaransa, au Kifaransa kwa hesabu, sikujua kipi ni kipi. Mahali ambapo watu huweka maua dirishani, yeye alipanga viungio vya bomba na robine za zamani, yaani koki za maji, zimeng'arishwa. Ukutani ulining'inia mpira mrefu mweupe unaoonyesha ndani. Aliujaza maji, akanipa ncha moja na yeye akashika nyingine, tukasimama pembe mbili za chumba, akanionyesha kwamba maji yanasimama usawa mmoja kwake na kwangu, hata mpira ujikunje vipi sakafuni. Alifurahi kila alipoonyesha jambo hilo, utafikiri limetokea siku hiyohiyo. Tulipomaliza somo alileta chai ya tangawizi na kisahani cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa. Yeye alianzia kichwani. Mwanafunzi aliyebakiza vichwa pembeni mwa kisahani alitazamwa kwa huzuni, na nadhani hata alama zake zilipungua. Mimi nilikula vichwa vyote, kwa njaa kwanza, baadaye kwa heshima, na mpaka leo siwezi kula ndagala kwa njia nyingine.

Ni yeye aliyegundua kwamba juu ya karitiye yetu, mtaa wetu wa mteremkoni, kwenye miamba, kuna chemchemi inayomwaga maji korongoni bila faida kwa mtu yeyote. Waliowahi kufanya kazi naye walimpa mabomba yaliyobaki. Vijana wa parokia wakajitolea kuchimba. Maji yangeshuka yenyewe mpaka kwetu, yakasimama kwenye robine moja katikati ya mteremko, na mimi ningefika shule kengele ikilia. Aliponieleza nilikokotoa kichwani muda nitakaopata kulala, nikampenda mzee yule kwa moyo wangu wote. Kilichobaki, alisema, ni njia tu. Aliitamka "njia" kama kitu kidogo.

Alasiri moja, watu wengi wakiwa sokoni, alipita na vijana wake, kamba mkononi, akapigilia vigingi vya mkaratusi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, kuanzia kwenye chemchemi kushuka mpaka barabarani. Mstari ulinyooka vizuri sana. Ulikata viwanja vya watu, ukapita katikati ya shamba la mihogo la shangazi, ukatokea upande wa pili. Maskini, alikuwa ametumia maisha yake yote kwenye kazi za serikali ambako mtu akipigilia kigingi watu wanapiga makofi. Hajawahi kupimiwa kiwanja chake akiwa amesimama pembeni. Sisi kwenye mteremko ule, wote tuliorudi na wote tuliowakuta, tulijua kigingi chenye kichwa chekundu na kamba vina maana moja tu: kuna kitu kinakatwa, na kesho hakitakuwa chako. Shangazi alirudi kutoka sokoni na ungo kichwani, akaviona, akauteremsha ungo polepole. Hakupiga kelele. "Mana yanje," alimwita Mungu kwa Kirundi, "wamekuja kuchukua na ile nusu." Kesho yake alfajiri mteremko mzima haukuwa na kigingi hata kimoja. Vya kwetu vilikuwa chini ya sufuria ya maharage, pamoja na vya wajane wawili wa juu ambao shangazi aliwang'olea kwa hisani yake.

Siku hiyo nilikwenda kwenye somo na tumbo limejaa maharage hayo. Mzee alikuwa amekaa hajafungua hata daftari. Nilimpenda mno, sikuweza kumwacha hivyo.

"Mzee, vigingi vyako viko chini ya sufuria."

"Sufuria ya nani?"

"Ya shangazi."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Na maharage, iliiva?"

"Yaliiva vizuri."

"Bon. Basi ulikuwa muti muzuri." Halafu akaniuliza sababu, nami nikamweleza habari za kamba na kamati, na jinsi shangazi alivyokuwa amesimama mbele ya mlango siku ile ya kwanza wakigawa, ameshika mpini wa jembe usio na jembe. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Miaka yote nafanya kazi ya maji, hakuna mutu aliniambia iyo."

"Kwani uliuliza, Mzee?"

Mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Lakini yeye alicheka mpaka miwani ikamwanguka, akasema kweli, hakuuliza, na somo la siku hiyo likaishia hapo. Niliambiwa baadaye kwamba jioni ileile alikwenda kwa Mzee Paskali, katekista mstaafu aliyekuwa msemaji katika kila harusi ya Rumonge, kumwuliza watu wa hapa huombwaje kitu wanachokipenda. Mzee Paskali alijua jibu moja tu, kwa sababu alikuwa na kazi moja tu: unavaa vizuri, unabeba kaziye, yaani kreti, ya bia, unakuja na msemaji, unaomba.

Ujumbe ulitufikia kwa mjukuu wa Paskali, msichana mwenye haraka, aliyesimama mlangoni na kusema: "Babu anawasalimia. Jumapili Mzee Melkiori anakuja naye kwenu, kuomba." Akaenda zake. Mimi na shangazi tulitazamana. Kwetu, mwanaume mjane akitangaza kwamba anakuja Jumapili pamoja na Paskali, na kaziye ya bia, kuomba, katika nyumba ya mwanamke mjane, mtoto wa kunyonya anaelewa. Shangazi alisema, "Nitamkataa." Akaendelea kuchambua maharage. Baada ya muda akasema tena, "Nitamkataa kabisa," ingawa hakuna aliyekuwa amebisha.

Wiki ile sijaisahau. Kule ziwani wanawake walikuwa wameshapata habari kabla dumu langu halijagusa maji. "Eti shangazi yako atahamia kwake ama yeye ndiye atapanda kwenu?" "Yule muzee anakula ndagala na kichwa yake, hatasumbua mutu mu jikoni." Mmoja akasema vigingi vilikuwa njia ya kizungu ya kuchumbia, na wote wakashika viuno wakicheka. Nyumbani, shangazi aliyekuwa anamkataa alipaka sakafu udongo mpya. Alitoa imvutano yake, ule mgolole wa sherehe alioutunza kambini miaka yote kwenye mfuko wa nailoni, akaufua, akauanika juu ya mihogo ambapo kila mpita njia angeuona. Alitwanga sombe, kisamvu chetu, akanunua samaki mzima wa mukeke. Nilipomwuliza kwa nini tunajisumbua hivyo kwa mtu tunayemkataa, alinijibu kwa ukali: "Hata kumkataa mtu kunataka heshima. Hukufunzwa?" Mimi nilicheka mbele yake na kuogopa nyuma yake. Akimkataa, mzee ataona aibu kupita kwetu, masomo yatakwisha, na maji yataendelea kumwagika korongoni. Na Pasaka ilikuwa inakaribia.

Wakaja. Chumba chetu cha mbele kilikuwa na benchi moja na viti viwili vya kuazima. Mzee Paskali alikaa kwenye kiti na fimbo yake, Mzee Melkiori kwenye benchi, shati jeupe limefungwa mpaka koo, kaziye ya bia miguuni. Shangazi alikaa kwenye kiti cha pili ndani ya imvutano yake, kichwa juu, mzuri kiasi kwamba nilishangaa kwamba sikuwahi kumwona hivyo. Nje, nyuma ya ukuta, nilisikia majirani wakikanyagana. Mzee Paskali alianza mbali, kama ilivyo desturi. Alisalimia nyumba, akawasalimia waliokufa, akasifu mvua, akasifu ng'ombe ambao hatuna, akasema wamepita mbele ya nyumba nyingi lakini macho yao yamesimama hapa, kwamba hapa kuna kitu ambacho mwenzake hawezi kuishi bila hicho. Shangazi aliinamisha macho. Nyuma ya ukuta majirani waliacha kukanyagana. "Basi, mama wa nyumba hii," akamaliza, "tunaomba njia ya bomba."

Shangazi alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Subirini, sufuria inaungua," akapita mlango wa nyuma. Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameinama karibu na mafiga, amejaza ncha ya imvutano mdomoni, na mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akalia kidogo, halafu akacheka tena. "Bomba!" alininong'oneza. "Espe, nimetwanga sombe kwa ajili ya bomba!" Akajifuta uso, akajitazama kwenye maji ya sufuria, akarudi chumbani akiwa amenyooka. Hakuna aliyewahi kujua, isipokuwa mimi na nusu ya Rumonge.

"Nimesikia," aliwaambia. "Lakini mimi sina ardhi ya kutoa. Nilikuwa na kiwanja, nikapewa nusu. Sasa mnataka niikate nusu?"

Hapo Mzee Melkiori aliacha mambo ya msemaji akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hapana, mama. Nilikosea. Mustari ya kwanza nimeuacha. Naomba ule wa katikati, kwenye majani. Mukono moja kwako, mukono moja kwa Sadi. Pale hakuna mutu analima."

Uso wa shangazi ulifunga. "Mmemwuliza yeye?"

"Tunatoka kwake," alisema Paskali. "Kwake tulipeleka Fanta."

"Akasema nini?"

Wazee wawili walitazamana. Nilimwona Mzee Melkiori akichagua maneno kwa uangalifu, kama alivyochagua kiungio cha bomba kutoka dirishani. "Alisema ivi: 'Iyi kiwanja iko ya kwao mbele yangu. Mama aanze kujibu. Mimi nitafata.'"

Nimefikiri juu ya dakika ile maisha yangu yote. Kamati ilikuwa imetupa nusu, na muhuri juu yake. Ilitupa haki ya kujenga, kulima na kuzikana. Lakini tangu turudi hakuna mtu aliyewahi kutamka kwa mdomo wake kwamba pale palikuwa kwetu kabla ya Sadi. Sadi hakukiri kwa kamati, hakukiri barazani mbele ya wakubwa. Alikiri nyumbani kwake Jumapili, juu ya chupa ya Fanta, kwa sababu alijiwa na kuombwa naye pia. Shangazi alivuta-vuta ukingo wa imvutano. Machozi yalimshuka na safari hii hakuyaficha. "Alisema hivyo? 'Mbele yangu'?" Wakamwambia ndiyo. "Yampaye inka," akasema, akashukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe kweli. Kisha akajipanga upya kwenye kiti. "Njia nimewapa. Lakini kigingi sitaki. Kwenye ardhi yangu kigingi hakiingii tena mpaka nife. Mtaona wenyewe mtachoraje."

Walichora kwa majivu. Shangazi alitoa kapu zima kutoka jikoni, akampa Mzee Melkiori mkononi, akamwambia, "Chukua, ni vigingi vyako vyenyewe," na hapo ndipo walipocheka pamoja kwa mara ya kwanza. Mzee alipita katikati ya majani yaliyofyekwa akimwaga majivu, mimi na mpira mweupe nikitangulia kumwonyesha usawa, shangazi upande huu, Sadi upande ule, wote wawili wakikagua asije akayumba hata kidogo. Mfereji ulichimbwa na nyumba zote mbili. Mke wa Sadi alipika chai ya maziwa na maandazi, shangazi akatuma maharage, na katika kupokezana sahani juu ya shimo, salamu iliyokuwa imekwama kwa miaka mingi, ikapita bila mtu kuitangaza. Siku maji yalipofika, robine ilikohoa kwanza, ikatema hewa, ikatema tope, Sadi akasema "Iko nakufa iyi," kisha ikatulia na kutoa maji safi. Shangazi alikinga kiganja, akaonja, akasema yana ladha ya bomba. Nilikuwa na dumu langu palepale; lilijaa nikiwa nimesimama, nikalibeba hatua chache mpaka mlangoni. Jumatatu nilifika shule Direkteri hajafungua lango. Alinitazama, akatazama saa yake, akaitikisa.

Mwaka ule ulinitengeneza. Nilipata Kifaransa, nikapata hesabu, nikapata usingizi, lakini hasa niliona mtu mzima mwenye elimu yake akirudi nyuma na kuanza tena na kaziye mkononi, bila kununa. Wanafunzi wangu wakinikamata nimekosea ubaoni nafuta naanza upya, na huwa namkumbuka. Yeye na shangazi hawakuoana, ingawa wanawake wa ziwani hawakukata tamaa upesi. Alikuja kila Jumapili kukagua robine, ambayo haikuharibika mara nyingi kiasi hicho, akaketi, akala maharage. Miaka mingi baadaye nilimwuliza shangazi kama siku ile alikuwa kweli anamkataa. "Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana ya kumkataa," alisema. "Akaninyima nafasi." Na akaniongezea sombe kwenye sahani ili ninyamaze.

Nilipofika kwa ajili ya msiba, nimepita Gitaza njiani na harufu yake ya ndagala juani ikiwa imeniliza tena, nilikuta vurugu kwenye uwanja wetu. Vyumba vya mzee vilikuwa vidogo kwa waombolezaji. Mwanawe mkubwa, Dezire, aliyekuja kutoka ughaibuni, aliambiwa mahali pazuri pa kusimamisha hema ni kwa Mama Konsolata, karibu na maji, kwa sababu baada ya maziko watu lazima wapite kwenye maji wanawe mikono. Vijana walikuwa wameshaleta turubai na kamba, na mmoja ameshapigilia kigingi cha chuma mpaka nusu. Shangazi alisimama mbele yake na fimbo, mdogo, amekunjamana, haogopi kitu. "Nani amekwambia utie kigingi hapo?" Kijana alishika nyundo hewani. Kutoka upande wa pili wa mfereji, Mzee Sadi, ambaye sasa haoni vizuri, alianza kucheka kwenye mkeka wake. "Niliwaambiya! Niliwaambiya batoto awa! Waende waombe!"

Dezire alikuwa na suti nyeusi na macho mekundu, wala hakuelewa kitu. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Alisikiliza kama baba yake, bila kunikatiza, akaenda barabarani akarudi na kaziye ya Fanta, inayofaa nyumba zote mbili. Mzee Paskali alishakufa, kwa hiyo msemaji akawa Sadi. Alishikwa mkono akavushwa, akaketishwa kwenye benchi lilelile. Alianza mbali. Alisalimia nyumba, akawasalimia waliokufa, na kwa mara ya kwanza marehemu alikuwa miongoni mwao. Aliporuka kipande cha mvua, shangazi alimkatiza, "Umesahau mvua," naye akarudi akaisifu mvua. Kisha akasema, "Mama, mutu wetu aliomba njia, ukamupa. Leo anaomba mahali watu wakae wamulilie." Shangazi aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia mbuzi akilalamika. Alirudi na kigingi alichokuwa akimfungia mbuzi mchana, ambacho kila jioni alikiingiza jikoni, kikakauka kwa moshi miaka yote hii kikawa cheusi kama chuma. Kichwani bado kulikuwa na rangi nyekundu kidogo. Kumbe si vyote vilivyoivisha maharage. Alikiweka mikononi mwa Dezire. "Anza na hiki," alimwambia. "Ni cha baba yako."

Tulimzika kesho yake, watu wa kanisani na watu wa msikitini, na wanafunzi wake wa zamani ambao sikujua ni wengi hivyo. Tulirudi tukapanga mstari kwenye robine, tukanawa mikono mmoja baada ya mwingine, maji yakitiririka mpaka kwenye majani ya mpakani. Siku za kukaa matanga zilipokwisha, vijana walikuja kushusha hema. Waling'oa vigingi vya chuma wakavitupa kwenye gunia, na mmoja akainama kwenye kile cheusi.

"Hicho kiache," shangazi alisema.

Kijana aliniangalia, mimi nikamwangalia shangazi. Mbuzi alikuwa amesimama na kamba yake shingoni, anatafuna kona ya turubai.

"Na mbuzi, Shangazi, tutamfunga wapi?"

"Mtafutieni pengine."